Baba Anauliza: Kwa Nini Ng'ombe 49?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, Mmaasai wa Purko. Ndoa yangu ilivunjika miaka minne iliyopita, nikarudi kwa baba upande wa Narok na watoto wangu wawili. Mwaka juzi nilichaguliwa katibu wa kamati ya ardhi ya jamii yetu, ile iliyokuwa ranchi ya kikundi. Sijisifu. Kila ukoo uliogopa mwingine usishike daftari, na mimi mtalaka nikaonekana sina upande. Tena nina mwandiko mzuri.

Mwezi uliopita nilipata nafasi katika kozi fupi ya chuo kikuu kimoja nje ya nchi. Ni kozi ya sheria na utawala wa jamii asilia, siku tano, saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mwisho wake kuna cheti. Niliomba usiku mmoja kwa simu bila kumwambia mtu, nikidhani hawatanijibu. Wakajibu. Barua nikaipiga chapa kwa saiba ya mjini, nikaikunja ndani ya daftari la kamati, nikarudi nayo nyumbani kama mtoto aliyeficha yai.

Jioni nikamwonyesha baba. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kopo la ugoro mkononi. Nilipokuwa nikieleza alikuwa akifungua kifuniko na kukifunga, akifungua na kukifunga. Nilipomaliza akaniuliza, "Huko mnakofundishwa sheria za watu kama sisi, mwalimu ni nani?" Nikasema ni profesa. Akasema, "Muulize kwa nini fidia ya mtu aliyeuawa ni ng'ombe 49, si 50. Akikujibu, nenda." Basi. Tangu siku hiyo hajalitaja tena mbele yangu. Lakini wageni wakija huwaambia, "Huyu binti yangu anakwenda kununua alichozaliwa nacho." Mjomba, maneno hayo yananichoma kuliko kama angenikataza.

Pili ni pesa. Nikijumlisha ada, nauli, malazi na mengineyo inakuja laki mbili kasoro kidogo. Mimi nina elfu 40, za shanga na za mbuzi niliouza. Mwenyekiti wetu wa kamati akaniambia nisihangaike, kuna zile za kodi ya kambi ya watalii zilizoko benki. "Tutakutoa hapo. Kumbukumbu tutaziandika baadaye, kwani mwandishi si wewe?" Akacheka. Nami nikacheka, lakini usiku huo sikulala vizuri. Sasa kaka yangu mmoja anasema huko sokoni kwamba nakula pesa za jamii hata kabla sijapewa shilingi. Wanawake wa chama chetu nao wananiambia chukua, wanaume wamekula miaka yote na hakuna aliyeulizwa.

Tatu, binamu yangu aliye chuo kikuu Nairobi anasema cheti cha wiki moja ni karatasi ya kufungia maandazi.

Nimebakiwa na wiki tatu za kuthibitisha. Niende? Na baba nimwambie nini?

Katibu, Narok

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nitaanza na mwenyekiti kwa sababu hapo ndipo moto ulipo. Baba yako anaweza kungoja, amekwisha kuonyesha kwamba ana subira kuliko wewe.

Mwambie hapana, na umwambie leo. Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 26, nimebeba mafaili ya kesi za ranchi za vikundi mpaka mgongo ukapinda, na sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko zote katika mafaili yale ni hiyohiyo: "tutaandika baadaye." Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa kamati yenu, watu 7 hadi 15, kazi ya kuendesha mambo ya kila siku. Kamati inachaguliwa na mkutano wa jamii nzima, na mkutano huo ndio mkubwa wenu. Pesa ya kambi ni ya watu wote walio kwenye rejista, pamoja na yule kaka yako mwenye mdomo. Mwenyekiti akichota na katibu akaandika kumbukumbu za kikao ambacho hakikukaa, aliyeghushi ni aliyeshika kalamu. Yeye atasema hakumbuki.

Wanawake wa chama nawaelewa, na wanasema kweli kuhusu hao waliokula. Lakini daftari litakapofunguliwa siku moja, na hufunguliwa, jina la kwanza kutafutwa ni la mtalaka asiye na upande.

Fanya hivi. Omba suala lako liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa jamii. Likifika, toa daftari umpe mtu mwingine aandike, kisha utoke nje ukakae mbali wazungumze bila wewe. Wakikubali, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na kiandikwe pia utakachorudi nacho: kwa mfano siku mbili za kuwafundisha wanakamati, na nakala za masomo ziachwe ofisini. Wakikataa, utakuwa umepoteza pesa ambazo hazikuwa zako. Unataka kwenda kusomea utawala wa jamii. Somo la kwanza ni hiyo nauli.

Njia nyingine zipo. Kozi hizi mara nyingi hutenga nafasi chache za ufadhili kwa watu wanaotoka kwenye jamii zenyewe, na mara nyingi hazitangazwi kwa herufi kubwa. Mwandikie mratibu barua pepe fupi: mimi ni katibu wa kamati ya ardhi ya jamii fulani, kazi yangu ni hii, nina kiasi hiki, nimepungukiwa hiki. Usilie kwenye barua. Ambatisha barua ya kamati yenye muhuri.

Sasa baba.

Mpwa wangu, umesikia vibaya. Mzee hakukukataza. Amekupa mtihani wa kuingia, na mtihani huo ni mgumu kuliko wa chuo. Anachokuuliza ni kama hao watu wanajua kwamba sheria yenu ina sababu zake ndani, kwamba haikuokotwa porini. Hofu yake ina msingi mzuri tu, na nitakupa kisa uende ukamsimulie.

Kule Kanada, katika jimbo la British Columbia, watu wa Gitxsan na Wet'suwet'en waliishtaki serikali kuhusu ardhi yao, na kesi ikaanza kusikilizwa 1987. Hawakuwa na hati. Walichokuwa nacho ni historia za koo zao, kila ukoo na yake, zinazosimuliwa na kuimbwa mbele ya mashahidi kizazi hadi kizazi, na ndani ya wimbo mna mipaka ya ardhi. Bibi mmoja mzee, Mary Johnson, alitaka kuuimba wimbo wa ukoo wake mahakamani kama ushahidi. Jaji akamwambia kuwa masikio yake si ya muziki, kumwimbia hakutasaidia kitu. Bibi akaimba. Mwaka 1991 jaji akaitupa kesi. Wakakata rufaa, na Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema jaji alikosea: masimulizi ya mdomo ya watu wa asili lazima yapimwe kama ushahidi kamili, yasiwekwe chini ya karatasi kwa sababu tu si karatasi. Ikaamuru kesi isikilizwe upya.

Miaka kumi ya mabishano kuhusu kama bibi anayeimba anajua anachokisema. Baba yako anamjua huyo jaji, japo hajawahi kusikia jina lake.

Kwa hiyo jibu la kumpa ni kwamba kwenye kozi hutafundishwa sheria ya Purko. Hakuna profesa aliye nayo, na akidai anayo mkimbie. Utakachofundishwa ni namna watu wengine wenye sheria kama yenu walivyoifikisha mbele ya watu wasio na masikio. Nani alishinda, nani alishindwa, na walioshinda walipata nini hasa. Hayo baba hakuzaliwa nayo, wala wewe.

Ngoja nikuonjeshe, maana hiki ndicho kipande ninachokipenda. Unajua kwamba watu wako wa Purko hawakuota huko Narok. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, na Waingereza wakaahidi kwamba ahadi ile itadumu maadamu Wamaasai wapo. Miaka saba baadaye, 1911, ukaja mkataba mwingine wa kuwahamisha Laikipia kuwarudisha kusini. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani, na nyuma yao alisimama Parsaloi ole Gilisho, olaiguenani, yaani msemaji wa rika, wa Purko. Huenda baba wa babu yako alikuwa mmoja wa waliotembea na ng'ombe safari ile. Mwaka 1913, Mombasa, mahakama iliwajibu hivi: ninyi ni taifa la nje lililofunga mkataba na Mfalme wa Uingereza, na mikataba ya mataifa haiamuliwi na mahakama hii. Nendeni.

Haya, rudi nyuma miaka 82, uende Marekani. Mwaka 1831 watu wa Cherokee walilishtaki jimbo la Georgia lililokuwa likiwanyang'anya nchi yao. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawajibu: ninyi si taifa la nje, ni taifa tegemezi lililo ndani yetu, kwa hiyo hamna haki ya kuleta shauri hili moja kwa moja hapa. Nendeni.

Umeona? Mmaasai alifukuzwa mahakamani kwa kuwa ni mgeni, Mcherokee akafukuzwa kwa kuwa si mgeni. Siku niliposhikanisha kesi hizi mbili nilicheka peke yangu ofisini mpaka askari wa mlangoni akaja kuchungulia. Ukiwa peke yako Narok utadhani dhuluma yenu ni ya kwenu tu, ina jina la mzungu fulani na tarehe fulani. Ukikaa darasani na mtu wa Arizona, Msami wa Norway na Mbatwa wa Rwanda ndipo utaona kwamba ni fundi mmoja, na ukishamjua fundi unaanza kuzijua kufuli zake.

Kuna la pili ambalo wewe, mtu wa kamati, litakugusa zaidi. Wamarekani wawili, Stephen Cornell na Joseph Kalt, walianza 1987 kuchunguza swali lililoonekana la kitoto: kwa nini baadhi ya mataifa ya Wahindi Wekundu (neno la zamani hilo, wao wenyewe hutaja majina ya mataifa yao) yanaendelea na mengine yanadidimia, na yote yalipigwa na fimbo ileile? Waligundua kwamba madini na misitu pekee havitoshi, na elimu pekee haitoshi. Wanaoendelea ni wale wanaoamua mambo yao wenyewe, wana vyombo vinavyofanya kazi, na vyombo hivyo vinalingana na jinsi watu wenyewe wanavyoelewa nani ana haki ya kuamuru. Mfano wao ni huu. Sheria ya Marekani ya 1934 iliyagawia makabila mengi katiba za mfanano mmoja, kiongozi mmoja mwenye nguvu juu. Waapache wa White Mountain, ambao tangu zamani walimtii mkubwa mmoja, ziliwakaa. Wasioux wa Pine Ridge, ambao mamlaka yao yalikuwa yakigawanywa kwenye makundi na wazee wengi, katiba hiyohiyo ikawa ugomvi usiokwisha.

Sasa soma hilo ukikumbuka 1968. Mwaka huo Kenya ilitunga Sheria ya Wawakilishi wa Vikundi vya Ardhi, na kila ranchi ikatakiwa kuchagua wawakilishi wachache, kuanzia watatu hadi kumi, wawe ndio wenye ardhi kwa niaba ya wote. Wazee wa rika, ilaiguenak, vikao vya chini ya mti wa oreteti, havikuwa na kiti mle. Kilichofuata unakijua kuliko mimi: ugawaji, viwanja vilivyouzwa kwa sahihi za watu wachache, nyaya za ua. Swali la kwenda nalo darasani ni hili: kamati yetu ya sasa, ya sheria ya 2016, inalingana na baraza letu la enkiguena au ni kanzu ya mtu mwingine tumeivaa tena? Ukirudi na jibu la swali hilo moja, laki mbili zimelipwa.

Nikuonye pia. Kuna somo litakalokuuma, na ni vizuri ulijue mapema. Marekani, mama mmoja wa Santa Clara Pueblo, jamii mojawapo ya watu wa asili, Julia Martinez, aliishtaki jamii yake mwenyewe. Alikuwa ameolewa na mwanamume wa Navajo, na kanuni ya jamii ilisema watoto wa mwanamke aliyeolewa nje si wanajamii, ila wa mwanamume aliyeoa nje ni wanajamii. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikasema shauri hilo haliamuliwi na mahakama za dola, ni la jamii yenyewe. Kule waliita ushindi wa kujitawala. Waulize watoto wa Julia.

Kwetu sheria inakwenda njia nyingine. Katiba ya 2010 inasema mila inayopingana na Katiba ni batili, na Sheria ya 2016 inakataza jamii kumbagua mwanajamii kwa jinsia au hali ya ndoa. Wewe ni mtalaka uliyerudi kwa baba, una watoto wawili. Hukuniuliza kama majina yenu yako kwenye rejista. Mimi nakuuliza. Darasani watazungumza sana juu ya haki ya jamii dhidi ya serikali, na ni sawa, ndiyo kazi yao. Wewe utakuwa na haki ya kuinua mkono na kuuliza juu ya haki ya mtu ndani ya jamii. Uliza, hata kama chumba kitakuwa baridi kidogo.

Huyo binamu na maandazi yake ana nusu ya ukweli. Cheti cha wiki moja hakikufanyi wakili, hakikupi ruhusa ya kusimama mahakamani, wala hakikufanyi msaidizi wa kisheria anayetambulika. Kwa hilo kuna utaratibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Wanaotafuta kupanda cheo mjini wasome shahada. Wewe hutafuti cheo, una daftari mkononi tayari. Tena usiende ukidhani utarudi na silaha. Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda shauri la ardhi yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, uamuzi ukatangazwa 2010. Waogiek wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika pale Arusha tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamriwa walipwe shilingi 157,850,000 na ardhi yao ipimwe na wapewe hati. Kushinda kulikuja kwanza, kulipwa kukabaki safarini. Na hata Cherokee, mwaka mmoja baada ya kufukuzwa, mahakama ileile iliamua kesi nyingine kwa upande wao, na bado 1838 walihamishwa kwa bunduki. Walimu wazuri watakueleza hilo siku ya kwanza.

Hukunitajia chuo, na sikulaumu, kwa hiyo nitasema ninazozijua. Karibu kuliko zote ni Pretoria: Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kina kozi ya wiki moja juu ya haki za watu wa asili Afrika. Hapo utasikia zaidi Tume ya Afrika, Endorois, Ogiek, na lile swali la kuudhi ambalo serikali zetu hulipenda: je, Waafrika sote si wenyeji? (Kuna jibu, na ni refu. Kwa ufupi, haliulizi nani alifika kwanza. Linaangalia nani ameachwa nje na maisha yake yanategemea ardhi gani. Mwaka 2007 Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili lilipopigiwa kura, Tanzania iliunga mkono, Kenya ikajizuia. Hilo nalo litakupa la kusema darasani.) Viza ya matembezi hatuhitaji kwenda Afrika Kusini tangu Januari 2023, lakini muulize mratibu kama kozi inahesabika matembezi.

Ya pili ni Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, katika nchi ya watu wa Tohono O'odham, ambao mpaka wa Marekani na Meksiko umewakata katikati kama ninyi mlivyokatwa na wa Tanzania. Kila Januari huwa na mfululizo wa kozi fupi za siku chache chache za sheria na utawala wa mataifa ya asili, na wanafunzi wengi ni viongozi na wafanyakazi wa mataifa hayohayo. Ukienda, chagua kama unasoma kwa alama za shahada au kwa cheti tu, maana masharti ya viza hutofautiana: viza ya matembezi ya Marekani hairuhusu masomo yanayohesabiwa kwenye shahada. Na ukipata nafasi ya kusoma kwa mtandao usishangilie kabla ya kupiga hesabu ya saa. Tucson iko nyuma yetu saa kumi. Darasa la saa tatu asubuhi kule ni saa moja usiku kwenu, na wakifunga saa kumi na moja jioni kwenu ni saa tisa usiku. Siku tatu hivyo, bando linakwisha, taa ya sola inafifia, na alfajiri ng'ombe hawajui kwamba mwenye kuwakamua alikuwa Amerika.

Jambo moja la mwisho la darasani, na hili nalisema kwa aibu. Mimi niliwahi kwenda kozi ya siku tano, mahali nisipopataja. Wiki mbili kabla walinitumia kurasa 300 za kusoma. Nilizifungua ndani ya basi. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa akizungumza juu ya kesi ambazo mimi nilidhani ni majina ya miji, na baada ya chakula cha mchana nikasinzia nikakoroma. Jirani akanipiga kiwiko. Kozi fupi ni fupi kwa sababu nusu yake husomwa nyumbani. Ukishathibitisha, omba masomo, yapige chapa, usome kurasa 20 kila usiku. Usipoelewa kesi, andika pembeni mambo matatu: nani alimshtaki nani, waligombania nini, nani alishinda. Inatosha kuanzia.

Kwa hiyo ndiyo, nenda, pesa zikipita mlangoni. Zikishindikana mwaka huu, omba nafasi yako iahirishwe. Kuomba si dhambi.

Na kabla ya kuthibitisha chochote, kesho jioni chukua kigoda chako ukakae karibu na lile kopo la ugoro. Usimwambie baba kwamba profesa atajibu. Mwambie, "Baba, nimekuja kuuliza mimi. Kwa nini 49?" Akianza kueleza usimkatize, na usitoe daftari mpaka amalize. Kisha muombe ruhusa ya kuandika, umsomee ulichoandika, arekebishe. Karatasi hiyo uibebe uende nayo, iwe ya kwanza kutolewa mkobani siku watakapowaambia kila mmoja aeleze sheria ya kwao. Akisema kuna sehemu haiandikwi, usiiandike. Na hilo pia waambie, kwamba kuna sehemu haiandikwi.

Mimi nina miaka 68, na yote nimeishi jirani na Wamaasai. Nimeiona hiyo 49 kwenye mafaili sijui mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuniambia sababu. Mzee akiruhusu, niandikie.

Mjomba